Kumwona ndege wa mafunjo pale Dunga, Septemba

Likizo yangu ya hospitali huangukia Septemba, nami huimalizia Dunga, pembeni mwa Kisumu, kwenye kijumba cha mbao kando ya ziwa. Ukienda kwa ajili ya ndege, usiulize bei kabla hujauliza baraza inatazama wapi. Itazame mafunjo, tena jua la asubuhi likupige mgongoni.

Amka saa kumi na moja. Jua huchomoza mnamo saa kumi na mbili na nusu, na saa ile ya kwanza ndiyo yenye sauti nyingi. Chai iwe tayari kwenye chupa, usije ukarudi ndani kuwasha jiko. Kisha kaa. Mwaka wangu wa kwanza nilizunguka na darubini shingoni, nikaona yangeyange, mnandi akianika mabawa, mdiria akining'inia hewani juu ya maji kabla ya kujitupa. Wote wazuri. Ila niliyemfuata, gonoleki wa mafunjo, sikumwona hata unyoya. Mzee aliyenipakia mtumbwini ndiye aliyenifunza: "Daktari, tulia. Sikio kwanza, jicho baadaye."

Gonoleki huyu maisha yake ni mafunjo. Dume na jike huitikiana upesi hata ukadhani ni ndege mmoja. Ukiwasikia, usikimbilie darubini. Tafuta bua linalotikisika ilhali upepo umelala. Hapo ndipo atakapopanda: mgongo mweusi, kifua chekundu kama pilipili iliyoiva, utosi wa manjano. Mimi bado machozi hunilengalenga.

Tafadhali usimchezee sauti yake kwa simu. Atadhani mgeni amevamia makao yake, aache kulisha makinda akamtafute adui asiyekuwapo. Wala usimwambie mwenye mtumbwi apasue mafunjo ili ukaribie. Yanakatwa vya kutosha kwa mikeka na kwa mashamba.

Mchana lala, upepo wa ziwa huchafua maji. Jioni toka tena utazame juu. Mbayuwayu wanaokimbia baridi ya Ulaya huanza kufika mwezi huu, na kwenye tope utawaona vitwitwi wageni wakitikisa mikia. Nikifikiria umbali waliotoka na udogo wao, hushindwa kuondoka hapo hadi giza.

Lakini giza likiingia, ingia. Kiboko hutoka majini usiku kula majani, na njia unayopita wewe ndiyo yake. Lala ndani ya neti. Usikanyage maji ya ufuoni kwa miguu mitupu, kichocho kipo; wodini nimewahudumia wengi waliodhani hakiwahusu.

Andika papo hapo saa, mahali na ulichosikia. Daftari langu la mwaka jana, Septemba 19, linasema: saa moja kasorobo, wawili, kushoto kwa mti wenye kiota cha fundichuma. Mwaka huu nitaanzia hapo.