Jaribu urithi wa klasi kabla ya kuukubali
Mwanafunzi wa chuo kikuu anayejifunza mbinu za juu za kuandika programu kwa objekti asikimbilie kurithisha klasi, yaani kuifanya klasi moja (kiolezo cha kuundia objekti) ichukue sifa na kazi za nyingine, kwa sababu tu maana zake zinakaribiana. Chukua klasi ya Mstatili, kisha ufanye klasi ya Mraba irithi kutoka kwake: msimbo unaoweka upana 5, halafu urefu 4, ukitarajia eneo la 20, utapata 16, kwa kuwa mraba hulazimika kusawazisha pande zote. Mwanasayansi wa kompyuta Barbara Liskov alilieleza jambo hili mwaka 1987: klasi mtoto lazima iweze kushika nafasi ya klasi mzazi bila kuvunja matarajio ya msimbo unaoitumia. Isipoweza, na hali hiyo si adimu hata kidogo, ni afadhali klasi moja ibebe nyingine ndani yake na kuikabidhi kazi.