Kupima maji ya udongo bila kusubiri siku nzima

Kipimo cha kutegemewa ni tanuri la nyuzi 105 za Selsiasi kwa saa 24. Mkulima wa Cheju au Bumbwisudi, huko Unguja, anayetaka kujua leo kama afungulie maji hawezi kungoja hivyo. Zipo njia mbili za haraka, mradi uujue udongo wako.

Chimba sentimita 20, chukua udongo sehemu tano za shamba, changanya upesi, tia koponi na ufunge mfuniko papo hapo. Ukiuacha juani na upepo wa kaskazi, maji yameshapotea kabla ya mizani.

Kwa maikrowevu, pima bakuli tupu la kioo kisichopasuka kwa moto, tia udongo gramu 100. Toa vijiwe, maana mvuke uliofungika ndani huvipasua. Pembeni weka kikombe cha maji kinyonye nguvu udongo unapokaribia kukauka. Washa dakika 3, acha lipoe, pima, koroga. Kisha dakika moja moja mpaka tofauti ya vipimo viwili isizidi gramu 0.1. Bakuli la moto usilipime: hewa inayopanda hulinyanyua, mizani ikasoma pungufu. Udongo wenye samadi ukitoa moshi, zima. Kinachopungua hapo si maji tu.

Pasipo umeme tumia spiriti. Tia gramu 30 kwenye sahani ya chuma, mimina spiriti mpaka udongo wote uloe, vuruga, washa. Ukizimika acha upoe kabisa, rudia mara mbili au tatu mpaka uzito usishuke tena. Tahadhari sana: juani moto wa spiriti hauonekani vizuri, na watu huungua kwa kumiminia sahani wanayodhani imezima.

Hesabu hukosewa mno. Gramu 100 zikibaki 80, gawa 20 kwa 80, yaani uzito mkavu: asilimia 25, si 20.

Kichanga na kinongo (udongo mwekundu) hukubali njia zote mbili. Kinamo, yaani udongo wa mfinyanzi, kivunjevunje kwanza. Madonge hukauka nje, ndani bado mabichi. Udongo wa maweni, yaani wa nchi ya mawe ya matumbawe, usiuchome kwa spiriti: una chokaa nyingi, na moto ule hupita mbali nyuzi 105, kwa hiyo jibu halitegemeki. Tumia maikrowevu, na ukipata nafasi ya tanuri, peleka nusu ya kopo hilohilo ulinganishe.