Gari la Kuazima hadi Bagamoyo: Namna ya Kwenda Bila Roho Juu

Kama safari ni Jumamosi asubuhi, lichukue gari Ijumaa jioni kukiwa bado na mwanga. Alfajiri mwenyewe atakupa ufunguo na usingizi machoni, halafu mkwaruzo wa bampa utauona mkishafika, ukae siku nzima unajiuliza ni wewe au si wewe.

Mimi huazima Toyota IST ya shemeji yangu. Tunalizunguka wote wawili, napiga picha kila upande yeye akiona. Wapo wanaosema ni kumvunjia heshima mwenye gari. Siafiki, heshima ni kutolazimika kubishana Jumapili. Kisha namuuliza yale aliyoyazoea hata hayaoni tena: "Shem, kuna taa inayowaka kwenye dashibodi? Mlango gani unasumbua? Linakunywa maji ya rejeta?" Safari moja akajibu, "Aa, ile ya injini iache tu, inawaka tangu Ramadhani." Ningeikuta peke yangu pale Bunju, ningeegesha pembeni nilie.

Uliza bima pia, kubwa au ndogo. Ndogo hulipa hasara ya uliyemgonga, gari ulilopanda halimo, kwa hiyo ujue mapema mfuko unaotazamwa ni wako. Angalia mtandaoni kwa namba ya gari kama lina faini, maana trafiki akiliingiza kwenye mashine yake, deni la mwezi uliopita litasomwa mbele yako na watoto wakisikiliza. Spea tairi ibonyeze; jeki, pembetatu na kizima moto vione kwa macho.

Asubuhi, injini ikiwa baridi, vuta stiki ya oili, kisha tazama maji ya rejeta. Njiani mwisho ni kilomita 50 kwa saa kwenye makazi, na kuanzia Tegeta hadi Kerege makazi hayaishi. Trafiki wa tochi, ile ya kupima mwendo, hawana haja ya kujua gari ni la nani.

Ila kwangu kuendesha si tatizo. Tatizo ni kuegesha. Ukifika utatafuta kivuli, na kivuli cha pwani ni mnazi. Usithubutu! Dafu likidondoka juu ya kioo cha mbele hakuna maelezo yatakayosikika vizuri kwenye simu. Bora gari liive juani, ufunike usukani kwa khanga. Mchangani nako usiingie hata ukiona wengine wameingia; wao wana magari ya kuvutana.

Likikwaruzwa, piga simu saa ileile, usingoje kurudi. Kabla ya kurudisha kung'uta kapeti, na mshale wa mafuta upite pale ulipoukuta.

Samaki wa mnadani wakae kwenye ndoo yenye mfuniko, barafu juu, na ndoo ishikwe na aliyewataka. Kwetu ni mama mkwe. Harufu ikibaki, atajieleza mwenyewe kwa mwanawe.