Jinsi ya Kukaa Katika Kambi ya Wasan Jangwani Kalahari

Ukipanga kulala katika kambi ya Wasan, wenyeji wa asili wa Kalahari walioishi kwa kuwinda na kuchuma, karibu na mji wa Ghanzi, magharibi mwa Botswana, miezi ya Juni hadi Agosti inafaa kwa matembezi, ila beba koti zito, kwa kuwa usiku baridi huweza kushuka chini ya nyuzi 0. Vaa viatu vilivyofunika mguu, maana mchanga una miiba, na uwe na fedha taslimu za pula, sarafu ya Botswana. Kabla ya kulipa, uliza ni kiasi gani kinachowafikia Wasan wenyewe; kwangu mimi, hilo ndilo swali la kwanza.

Matembezi ya asubuhi yanastahili subira. Mwenyeji huchimba kiazi chenye maji, hukikwangua kwa kijiti, kisha huyakamua machicha yake kiganjani hadi maji yatiririke kwenye kidole gumba na kuingia mdomoni. Mtazame bila kumharakisha, na uombe ruhusa kabla ya kumpiga picha. Mavazi ya ngozi huvaliwa zaidi mbele ya wageni. Ukimkuta mwenyeji huyo jioni amevaa suruali na shati, usidhani umedanganywa.

Shanga za maganda ya mayai ya mbuni zinunue kwa aliyezitengeneza, kwani kila moja hutobolewa na kusuguliwa kwa mkono.

Usiku wanawake wakiimba na kupiga makofi kuuzunguka moto, huku wanaume wakicheza na njuga miguuni, kumbuka kwamba ngoma hiyo asili yake ni uponyaji: keti kimya na uzime mwanga wa kamera.