Jinsi ya Kutambua Kinachopunguza Kasi ya Waifai Nyumbani

Wateja wengi ninaowafungia mitandao hapa Arusha, kuanzia Njiro hadi Sakina, huniita wakitaka kuhamia kifurushi kikubwa zaidi, ilhali kile walicho nacho hakijawahi kufika chote kwenye simu zao. Data hupita kwenye laini ya mtoa huduma, ruta (kifaa kinachorusha waifai), hewa iliyo kati ya ruta na kifaa, kisha kifaa chenyewe, na kasi unayoipata ni ile ya sehemu iliyo dhaifu kuliko zote. Kwa hiyo pima kila sehemu peke yake kabla ya kutoa fedha.

Hatua ya 1: Pima laini bila kutumia waifai

Unganisha laptopu kwenye ruta kwa waya wa mtandao, zima waifai ya laptopu, waombe wengine nyumbani wasitumie intaneti kwa muda huo, kisha pima kasi kwa tovuti ya kupima intaneti, mara moja asubuhi na mara nyingine usiku, wakati majirani nao wako mtandaoni. Zingatia vipimo: vifurushi huuzwa kwa megabiti kwa sekunde, lakini kompyuta inapopakua faili mara nyingi huonyesha megabaiti, na megabaiti 1 ni sawa na megabiti 8. Laini ya megabiti 20 inayopakua megabaiti 2.5 kwa sekunde inafanya kazi yake yote.

Ikiwa kifurushi chako kinazidi megabiti 100 lakini kipimo kinagota kwenye 94 kila mara, chunguza waya na matundu ya ruta, kwa sababu tundu la megabiti 100, au waya ambao baadhi ya nyuzi zake zimekatika, huishia hapo.

Hatua ya 2: Pima karibu, kisha pima mbali

Simama na simu mita mbili kutoka kwenye ruta, upime. Halafu nenda chumba unacholalamikia, upime tena. Kasi ikiwa nzuri karibu na mbaya mbali, tatizo ni umbali na kuta. Ikiwa mbaya hata karibu, nenda moja kwa moja hatua ya 4.

Hatua ya 3: Angalia mahali ilipo ruta

Hapa ndipo ninapokuta matatizo mengi kuliko penginepo. Fundi wa faiba huingiza waya kwenye kona ya sebule iliyo karibu na nguzo, anaweka ruta nyuma ya televisheni, na inabaki hapo miaka yote. Kutoka kona hiyo, mawimbi ya kwenda chumba cha mwisho hukata kuta za bloku kwa mshazari, hivyo hupita kwenye unene mkubwa zaidi kuliko yangepita yakielekea moja kwa moja. Zege lenye nondo, milango ya chuma, kioo kikubwa cha kujitazamia na tangi lililojaa maji huyadhoofisha zaidi. Mwombe fundi avute waya hadi kwenye korido, katikati ya nyumba, na ruta ikae juu, mahali palipo wazi. Mita chache za waya zina faida kuliko antena yoyote ya ziada.

Programu za kuchunguza waifai huonyesha nguvu ya mawimbi kwa namba hasi za desibeli, ambacho ndicho kipimo chake: hasi 50 ni nzuri sana, hasi 67 hutosha kwa video, na hasi 80 ni dhaifu. Kila upungufu wa desibeli 3 maana yake nguvu imepungua kwa nusu.

Kwa vyumba vya uani, ambavyo nyumba nyingi za Arusha na Moshi zinavyo, sishauri kutegemea kirudishi cha mawimbi cha bei nafuu, kwa kuwa kile kinachopokea na kutuma kwenye chaneli ileile (yaani njia ileile ya hewani) hupoteza takriban nusu ya kasi. Vuta waya wa nje na ufunge kituo kingine cha waifai huko.

Hatua ya 4: Chagua masafa na chaneli

Masafa ya gigahezi 2.4 hupenya kuta vizuri zaidi, lakini yana chaneli tatu tu zisizoingiliana: 1, 6 na 11. Kwenye nyumba zilizobanana, kama Ngarenaro au Kaloleni, majirani wote hugawana hizo. Chagua iliyo na msongamano mdogo, weka upana wa chaneli uwe megahezi 20, na usikimbilie chaneli ya 3 au ya 4 ukidhani iko wazi, maana utasumbuliwa na pande zote mbili. Simu au laptopu iliyo chumba kimoja na ruta itumie gigahezi 5, ambako nafasi ni kubwa.

Hatua ya 5: Chunguza vifaa

Kwenye chaneli moja, vifaa hutuma kwa zamu. Kwa kiwango cha waifai cha 802.11n cha mwaka 2009, simu yenye antena moja kwenye upana wa megahezi 20 inaweza kuunganishwa kwa megabiti 65 ikiwa karibu, au 6.5 ikiwa mbali; hiyo ya mbali huishika hewa mara kumi zaidi kutuma data ileile, na wengine wote husubiri. Ndiyo sababu kifaa kimoja kilicho mbali huweza kuichelewesha nyumba nzima. Televisheni na kompyuta ya mezani, ambazo hazihami, ziunganishwe kwa waya, ili hewa ibaki kwa simu.