Ulinzi wa keneli ya Linux: kilichojengwa ndani na kinachopakiwa

AppArmor na SELinux, mifumo inayobana programu zisifanye zaidi ya zilivyoruhusiwa, huitwa moduli za usalama za keneli (kiini cha Linux), ila jina lisikuhadae. Tangu keneli 2.6.24 (2008) hazipakiwi kwa `modprobe`, amri ya kupakia moduli. Zimejengwa ndani, na huchaguliwa mashine inapowaka.

Kwenye seva ya Ubuntu anza na `cat /sys/kernel/security/lsm`, inayoorodhesha moduli za usalama zilizowashwa. Ukikosa `apparmor`, tazama kama imo ndani ya keneli:

`grep CONFIG_SECURITY_APPARMOR= /boot/config-$(uname -r)`

Jibu likiwa `=y`, fungua `/etc/default/grub` (mipangilio ya kuwasha mashine), ongeza `lsm=` kwenye `GRUB_CMDLINE_LINUX`, endesha `sudo update-grub`, washa upya. Hapa ndipo wengi huharibu: ukiandika `lsm=apparmor` tupu, yama na landlock, moduli nyingine za usalama, zinazimika kimyakimya. Nakili orodha yote uliyoisoma mwanzo, kisha ongeza apparmor mwishoni.

Draiva (programu za kuendesha vifaa) ndizo moduli hasa zinazopakiwa, na mvamizi mwenye ruhusa za root (msimamizi mkuu) anaweza kupakia moduli yake. Mzuie:

`sudo sysctl kernel.modules_disabled=1`

Amri hii hairudi nyuma hadi uwashe upya. Duka la Kariakoo linalotegemea modemu ya USB pale fiba inapokatika lichomeke modemu kwanza, lihakikishe intaneti inapatikana, ndipo lifunge upakiaji wa moduli. Ukifunga mapema, draiva yake haitapakiwa. Usiweke mpangilio huu kwenye `/etc/sysctl.d` pia: husomwa mapema mno, draiva nyingine zikiwa bado. Tumia huduma ya systemd (mfumo unaoanzisha huduma mashine inapowaka) inayoanza mwisho, maana umeme ukikatika na UPS ikaisha, seva huwaka tena bila kizuizi hicho.