Jinsi ya kuanza biashara ya viunzi vya vikaragosi kwa kutumia gololi za baiskeli

Mwezi uliopita nilishinda siku tatu kwenye banda langu la kazi na dada mmoja aliyesomea uchomeleaji kwenye chuo cha ufundi cha VETA. Anataka kujitegemea kwa kutengeneza viunzi, yaani mifupa ya chuma inayokaa ndani ya kikaragosi cha stopu mosheni ili mhuishaji akisogeze kidogo, apige picha, akisogeze tena. Siku ya kwanza alivunja biti tano za drili kwenye gololi moja. Mimi pia nilikwama hapohapo nilipoanza, na sikuwa na wa kumuuliza. Ndiyo maana ninaandika.

Sekunde moja ya filamu ina picha 24. Wahuishaji wengi hupiga picha mbili kwa kila mkao, kwa hiyo dakika moja ni mikao 720. Goti likilegea kwenye mkao wa 400, kazi ya siku nzima imekwenda na maji. Mteja wako hanunui chuma. Ananunua kiungo kinachobaki pale kilipoachwa. Kiungo cha gololi ni gololi iliyolehemiwa kwenye ncha ya fito ya chuma, ikabanwa kati ya bapa mbili kwa bolti.

Hatua ya 1: Anza kuuza vya waya

Chukua waya laini wa alumini wa mm 2, ukunje nyuzi mbili na uzisokote kwa drili taratibu. Sehemu za mfupa zifunike kwa gundi ya epoksi ya kukanda, na kila unyayo uwekee nati ya M3, yaani ya bolti ya mm 3, ili kikaragosi kifungwe mezani kwa bolti. Waya wa kufungia nondo usiuguse: ukiukunja unarudi, na ukiukunja sana unakatika. Alumini nayo hukatika baada ya muda, hivyo mwambie mteja mapema. Wanafunzi ndio wanunuzi wa hivi, na fedha yao itakulisha unapojifunza vya gololi.

Hatua ya 2: Vifaa

Drili ya kusimama, jiliwa, tupa, senta panchi, vernia ya kupimia, tochi ya gesi, tapu ya M3 ya kukatia hesi, na biti za kobalti za mm 2.5, 3.3 na 4. Mashine ya kukereza usinunue. Nimeona watu wakikopa kwa ajili yake, na kazi hii haiihitaji kabisa. Weka fedha kwenye biti nzuri.

Gololi nanunua kwenye maduka ya spea za baiskeli Kariakoo. Zile za ekseli ya nyuma huwa za robo inchi, mm 6.35, na zinafaa nyonga, magoti na mabega. Za mbele kwa kawaida ni mm 4.76, hizo ni za viwiko, viganja na shingo. Nenda na vernia yako dukani, maana mara nyingi zinachanganywa kopo moja. Fito ni zile za kuchomelea kwa gesi: mm 3.2 kwa gololi kubwa, mm 2.4 kwa ndogo.

Hatua ya 3: Kulainisha gololi

Hapa usiharakishe. Gololi imegumishwa kiwandani ili isilike, na mara nyingi ni chuma chenye kaboni nyingi na kromu. Biti inateleza juu yake, inapata moto, inakufa.

Kosa langu lilikuwa hili: nilizichoma kwa tochi hadi zikawa nyekundu, nikaziacha zipoe kwenye sakafu ya saruji. Asubuhi zilikuwa ngumu vilevile. Jioni nne nilirudia, kila mara nikiongeza moto, nikidhani moto ndio uliokuwa mdogo. Tatizo lilikuwa kupoa. Gololi ni ndogo mno, joto linaitoka haraka, na chuma cha aina hii kikipoa haraka kinajigumisha upya. Kinapaswa kupoa kwa saa nyingi.

Ninavyofanya sasa: nachukua kipande cha bomba jeusi la chuma kilichozibwa upande mmoja, nakijaza majivu makavu yaliyochekechwa, napanga gololi humo zisigusane, nafunika. Bomba lenye zinki usitumie, wala bolti yenye zinki usiichome mahali popote kwenye kazi hii. Moshi wake unaleta homa kali. Bomba linalazwa katikati ya jiko la mkaa na kupulizwa kwa feni hadi lote liwe jekundu. Majivu yanachelewesha joto, kwa hiyo usiamini rangi ya bomba peke yake. Chomoa gololi moja kwa koleo na uiguse papo hapo na sumaku iliyofungwa kwenye waya. Sumaku ikishika, bado. Isiposhika, irudishe, endeleza moto dakika 20 nyingine, kisha fukia bomba kwa mkaa na majivu na uache jiko lizime lenyewe usiku kucha.

Jiko likae nje. Si barazani, si ndani ya banda lenye dirisha moja. Hewa ya mkaa inayoua haionekani wala haina harufu.

Asubuhi jaribu kila gololi kwa tupa. Ikikwaruza na kutoa unga, imelainika. Ikiteleza kama juu ya kioo, itenge kwa moto unaofuata. Usijishawishi kwamba itatoboka.

Hatua ya 4: Kutoboa na kulehemu

Ibane gololi kati ya vipande viwili vya chuma bapa vyenye tundu la mm 4. Sawazisha sehemu ndogo kwa tupa, piga senta panchi, weka mafuta, toboa kwa mwendo wa chini. Anza na 2.5, gololi kubwa malizia na 3.3. Kwenye kubwa, kina cha mm 4 kinatosha.

Kulehemu nilifundishwa na sonara, na sijapata mwalimu bora. Tumia lehemu yenye madini ya fedha asilimia 55, uulize kama haina kadimiamu, metali yenye sumu, na uipake boraksi, dawa ya kusaidia lehemu ishike, kabla ya moto. Pasha chuma, siyo lehemu. Chuma kikiwa tayari lehemu inaingia yenyewe. Kabla ya hapo piga tupa upande mmoja wa fito ili hewa iliyo chini ya tundu ipate njia. Bila hivyo inatanuka na kuisukuma fito nje, nawe utalaumu boraksi.

Ikipoa, osha kwa maji ya moto, funga fito kwenye drili na ung'arishe gololi kwa msasa wa 600 halafu 1000 ikiwa inazunguka. Inabaki duara safi.

Hatua ya 5: Bapa

Kata mbilimbili kutoka chuma cha mm 3, uzibane pamoja na kuzitoboa pamoja. Mm 4 kila mwisho kwa gololi kubwa, na tundu la bolti katikati: bapa moja itolewe hesi za M3, nyingine ipitishe tu. Futa kila kitu kwa spiriti. Mafuta kwenye kiungo ni mwiko, kitateleza.

Hatua ya 6: Kukaza

Kifundo cha mguu ndicho kinachokazwa kuliko vyote. Kisha goti, nyonga, uti wa mgongo, bega, kiwiko. Kiganja na shingo viwe vyepesi. Ukikaza vyote sawa, mhuishaji akisogeza mkono mwili mzima unatikisika. Mimi nakisimamisha kiunzi kwa mguu mmoja, mkono umenyooshwa na nati nzito imening'inia kiganjani, nakipiga picha jioni na asubuhi. Picha zikitofautiana hakitoki bandani.

Hatua ya 7: Oda, bei na karatasi

Usianze bila mchoro wa ukubwa halisi, wa mbele na wa ubavu, wenye alama kwenye kila kiungo. Uliza uzito wa nguo na mwili utakaovishwa. Andika saa zako daftarini kwa viunzi vitatu vya kwanza kabla ya kupanga bei. Yule dada alikuwa amehesabu vifaa tu na kusahau mikono yake. Nusu ya fedha itangulie. Jina la biashara sajili BRELA, wakala wa usajili wa biashara; namba ya mlipakodi, TIN, ni ya mamlaka ya mapato, TRA; leseni ni ya halmashauri.

Kwenye boksi weka spana ya L, bolti sita za akiba, na karatasi inayoonyesha kiungo kipi kinakazwa kwa bolti ipi.